Aliye Mfupi Ndiye Bingwa: Rekodi 7 za Hadikoo ya Marekani

Hadikoo ni mtoto mkorofi wa muziki wa panki, aliyezaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwake mashindano yamegeuzwa juu chini: anayemaliza mapema na kutumia fedha kidogo ndiye anayebeba kombe. Hesabu ni hizi.

1. Albamu ya mapumziko
Refa akipuliza kipyenga cha mapumziko, cheza The Punch Line (1981) ya Minutemen, vijana watatu wa San Pedro, California. Nyimbo 18, dakika 15. Timu zinarudi uwanjani, albamu imekwisha! Wastani ni sekunde 50 kwa wimbo. Muda huo msanii wa Bongo Fleva ndiyo kwanza anajitaja jina yeye na prodyuza wake.

2. Mzigo mkubwa kwenye santuri ndogo
Santuri ya inchi 7 kwa kawaida hubeba wimbo mmoja kila upande. Mwaka 1983, D.R.I. wa Houston, Texas, waliitwisha nyimbo 22. Hiyo ni mara 11 ya kawaida.

3. Wimbo mfupi kuliko zote
Descendents wa California waliweka alama mwaka 1981 kwa “Weinerschnitzel”: mteja anaagiza chakula, anaulizwa kama anataka cha ziada, anakataa, wimbo umekwisha. Takriban sekunde 10! Lakini hapa Marekani imepigwa bao. Napalm Death wa Uingereza, waliolelewa na sauti hiyohiyo, walitoa “You Suffer” mwaka 1987: sekunde 1.316. Guinness wameutambua kuwa wimbo uliorekodiwa mfupi zaidi duniani. Ukipiga chafya umeukosa.

4. Mbio kali zaidi jukwaani
Agosti 1981, Hüsker Dü wa Minnesota walipanda jukwaa la 7th Street Entry mjini Minneapolis na kurekodi Land Speed Record: nyimbo 17 kwa dakika 26 na ushee. Wimbo mmoja haujapoa, mwingine umeshachomoka. Ukumbi wenyewe unachukua watu 250. Kujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 ungehitaji kumbi 240 za aina hiyo, zote zikiwa zimefurika.

5. Ndefu zaidi, na bei chee zaidi
Kisha wakimbiaji haohao wakageuka. Julai 1984 Hüsker Dü waliachia Zen Arcade: santuri mbili, nyimbo 23, dakika 70. Wimbo wa mwisho peke yake unakaribia dakika 14, yaani karibu sawa na The Punch Line nzima! Gharama ya kurekodi: dola 3,200. Minutemen, waliokuwa nao chini ya lebo ya SST, kusikia hivyo wakaongeza nyimbo nao wapate santuri mbili. Double Nickels on the Dime ikatoka mwezi huohuo, nyimbo zaidi ya 40, kwa dola 1,100. Gawanya: kama dola 25 kwa wimbo. Bei chee kuliko hapo itafute kwingine.

6. Mwaka wenye kazi nyingi zaidi
Mgogoro wa kisheria na lebo ya Unicorn uliwazuia Black Flag, bendi nyingine ya hadikoo, kutumia jina lao kwenye kazi mpya. Mpiga gitaa Greg Ginn na mwenzake Chuck Dukowski walilala jela siku 5 kwa kudharau amri ya mahakama. Unicorn ilipofilisika, bwawa likapasuka: mwaka 1984 pekee zilitoka albamu 3 za studio, My War, Family Man na Slip It In. Wastani, moja kila baada ya miezi 4.

7. Kiingilio kigumu kupanda
Fugazi wa Washington, D.C., magwiji wa posti-hadikoo, walipiga takriban maonyesho 1,000 kati ya 1987 na 2002. Hilo ni onyesho moja kila baada ya siku 5 au 6, kwa miaka 15 mfululizo, na majimbo yote 50 ya Marekani waliyafikia. Kiingilio walipigania kisizidi dola 5. Na shabiki aliyeanzisha ngumi? Muziki ulisimamishwa, akatolewa nje, akakabidhiwa bahasha yenye dola zake 5. Hana deni, hana dai.

Kombe la jumla
Linakwenda kwa Minutemen. Ni bendi pekee iliyoshinda kwa albamu fupi na pia kwa albamu ya bei chee, na kati ya hizo mbili ilipita miaka 3 tu. Ilifika mwisho Desemba 1985, mpiga gitaa wake D. Boon alipofariki kwa ajali ya gari akiwa na miaka 27.