Siku ya Wapendanao: Kitamu cha Nyumbani Chenye Wanga Kidogo

Tarehe 14 Februari huwakuta wakazi wa Sumbawanga katikati ya msimu wa mvua. Maduka hupambwa kwa rangi nyekundu, na wapendanao hupeana pipi, chokoleti na keki. Katika nyumba ambayo mmoja wao anaishi na kisukari, au ameshauriwa kupunguza wanga, zawadi hiyo huwa mtihani: akila anajidhuru, akikataa anamvunja moyo aliyempa. Wengi hutafuta njia ya tatu, nayo ni kutengeneza kitamu nyumbani. Njia hiyo ni njema, mradi mlaji ajue wanga umo katika nini, achague malighafi salama, na azingatie dawa anazotumia yule anayeandaliwa.

Wanga umo wapi?

Watu wengi wakisikia wanga hufikiria ugali na viazi. Katika elimu ya lishe, wanga, yaani kabohaidreti, ni pamoja na sukari za aina zote. Sukari ya mezani ni wanga mtupu: kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida, asilimia 5 ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku nzima.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Asali, hata ile safi kabisa ya msituni, ina takriban gramu 80 za wanga katika kila gramu 100. Sukari guru nayo karibu yote ni sukari. Tende zilizokauka hufikia gramu 75. Unga wa ulezi, nafaka yenye heshima kubwa Ufipa, una nyuzinyuzi na madini mengi, lakini zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake ni wanga. Kubadilisha sukari kwa asali, au unga wa ngano kwa unga wa ulezi, hakufanyi keki kuwa na wanga kidogo.

Karanga ni tofauti. Gramu 100 za karanga zina takriban gramu 16 za wanga, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari ya damu. Mayai yana wanga chini ya gramu 2 katika gramu 100. Kwa bahati njema, vyote viwili hupatikana katika masoko yetu.

Hesabu ya kashata

Kashata ya kawaida ya gramu 250 za karanga na gramu 250 za sukari, ikikatwa vipande 20, humpa mlaji takriban gramu 14 za wanga kwa kipande. Vipande vitatu tu ni zaidi ya gramu 40.

Tunapendekeza badala yake vidonge vya karanga vya kuoka:

1. Kaanga gramu 250 za karanga zilizochambuliwa, menya maganda, kisha twanga au saga hadi ziwe rojo zito.
2. Changanya na yai 1, vijiko 2 vya chai vya asali, hiliki na mdalasini kiasi, na chembe ya chumvi.
3. Finyanga vidonge 20, uvibonyeze kidogo.
4. Oka katika sufuria iliyofunikwa, makaa machache chini na mengi juu, mpaka vikauke na yai liive kabisa.

Kila kidonge kitakuwa na wanga usiozidi gramu 3. Utamu wake ni wa upole, na anayetarajia utamu wa kashata aambiwe mapema. Aidha, wanga kidogo si nishati kidogo: kidonge kimoja hutoa takriban kalori 75 kwa sababu ya mafuta ya karanga. Vidonge viwili au vitatu vinatosha. Kabla ya kumpa mtu zawadi hii, muulize kama karanga humdhuru, kwa kuwa wapo ambao hata kiasi kidogo huwahatarishia maisha. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali.

Karanga za Februari

Karanga zinazouzwa Februari kwa kawaida ni za mavuno ya msimu uliopita. Zimekaa ghalani kwa miezi mingi, na sasa hewa ina unyevu. Hayo ni mazingira yanayopendwa na ukungu unaozalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu katika chakula iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo ya karanga.

Sumu hii haionekani kwa macho, na kukaanga au kuoka hakuiondoi yote. Kinga kubwa ya mlaji ni uchaguzi. Nunua karanga nzima, wala si zilizotwangwa, kwani katika unga punje mbovu hujificha. Tupa zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye ladha chungu. Hizo ulizotupa usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Ukinunua vilivyofungashwa

Soma lebo kabla ya kusoma maneno ya mapenzi yaliyoandikwa juu ya boksi. Kwa vigezo vya kimataifa vya Codex, "bila sukari" humaanisha sukari isiyozidi gramu 0.5 katika gramu 100. Maneno hayo hayasemi lolote kuhusu unga uliomo. "Bila sukari iliyoongezwa" huweza kuandikwa kwenye bidhaa iliyojaa tende. Tazama mstari wa kabohaidreti kwa gramu 100, kisha linganisha na uzito wa pakiti: bidhaa yenye gramu 60, katika pakiti ya gramu 200, ina gramu 120 za wanga. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Glukosi na maltodekstrini vikiwa mwanzoni, fahamu unanunua nini. Chokoleti zenye maltitoli bado hupandisha sukari ya damu kwa kiasi fulani, na zikiliwa nyingi huharisha.

Kwa anayetumia dawa

Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asipunguze wanga ghafla kwa ajili ya sikukuu bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Dawa ikibaki ileile na chakula kikapungua, sukari ya damu huweza kushuka kupita kiasi, hasa akinywa na pombe. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa kali na kuchanganyikiwa. Hapo vidonge vyetu vya karanga havitamsaidia. Mpe vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari katika maji, pima tena baada ya dakika 15, na asipopata nafuu mfikishe kituo cha afya. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Haki yako

Tangu Julai 2019, usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukiuziwa kitamu kisicho na jina la mtengenezaji, viambato au tarehe ya mwisho wa matumizi, au kinachodai kutibu kisukari, tunza kifungashio na risiti, kisha toa taarifa TBS au kwa afisa afya wa halmashauri yako. Taarifa yako humlinda na mlaji mwingine.