Fahamu: Kwa nini baadhi ya nyoka wa kufugwa huzaliwa na macho yenye kasoro?

Marekani na Ulaya, nyoka weupe pe wenye macho ya buluu hugombaniwa na wafugaji. Lakini baadhi yao huanguliwa na macho yaliyotokeza kupita kiasi, au madogo mno.

Chanzo ni nini?
Mara nyingi ni vinasaba. Chatu mpira, mwenye asili ya Afrika Magharibi na ya Kati, akirithi jeni iitwayo lesser kutoka kwa baba na mama huwa mweupe, na hapo ndipo kasoro hiyo huweza kujitokeza. Nyoka-panya weupe wa Texas nao wanajulikana kwa macho ya kutokeza. Joto lisilofaa wakati wa kuatamia mayai pia huleta ulemavu.

Nyoka wa namna hii anaweza kuishi vizuri?
Wengi huweza. Nyoka hunusa kwa msaada wa ulimi, na chatu mpira ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la windo. Mfugaji hutumia maji ya moto kumpasha joto panya aliyekufa, kisha humsogeza kwa koleo hadi karibu na pua ya nyoka.

Uangalie nini?
Nyoka hana kope. Jicho hufunikwa na gamba angavu linalovuliwa pamoja na ngozi, na kwenye jicho lenye kasoro linaweza kung'ang'ania. Usilibandue. Ongeza unyevu kizimbani; likibaki, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Azalishwe?
Hapana. Mtunze, mpende, lakini usimpandishe. Rangi ya kumfurahisha mnunuzi haistahili kulipiwa kwa macho ya kinda.