Ulimwengu Ndani ya Ulimwengu

Juzi baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alinijia barazani na kitabu mkononi, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, mjomba. Hiki nimekisoma mara mbili, na bado sijui lipi lilitokea kweli na lipi ni ndoto."

Kitabu chenyewe ni *Walenisi*, riwaya ya marehemu Katama Mkangi iliyotoka mwaka 1995.

Nakiri, msomaji mpenzi, kwamba riwaya za namna hii nilizipuuza miaka mingi. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi nilizifungua nikazifunga. Nilisema hadithi isiyo na mji wala siku ni mchezo wa wasomi wa Chuo Kikuu.

Leo naona nilikosa. Sisi tuliokaa mkekani chuoni tulifundishwa mapema kwamba kuna ulimwengu wa dhahiri na kuna wa ghaibu. Bibi zetu nao walituhadithia majini yanayokula sahani moja na watu. Basi ugeni uko wapi? Ni huu tu: bibi alijua mpaka u wapi, na alitwambia. Mwandishi wa leo auondoa mpaka huo, akamwachia msomaji kazi ya kuutafuta.

Tena hafanyi hivyo kwa mzaha. Katika *Walenisi*, Dzombo ahukumiwa kufa, atiwa katika chombo cha kurushwa angani. Badala ya kuangamia, afika nchi yenye haki na usawa. Jina la nchi hiyo ukilikata vipande lasema: wale ni sisi. Mkangi mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1986. Alijua gharama ya kusema wazi. Said Ahmed Mohamed naye, katika *Babu Alipofufuka* (2001), amrudisha babu kutoka kwa wafu ili amsute mjukuu mwenye cheo, aliyeshiba ilhali wenziwe wateseka.

Nilimjibu mpwa wangu: "Jiulize kwanza kwa nini mwandishi alihitaji walimwengu wawili kulisema jambo moja."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Na mtahini akitaka jibu moja tu, mjomba?"

Hapo nilishikwa. Walimu wa fasihi, swali hilo nawaachia nyinyi, kijana yuangoja.