Vijikaratasi, Wachangiaji na Mhariri: Juu ya Uendeshaji wa Kazi ya Kitaaluma ya Pamoja

Kazi ya kitaaluma iliyotungwa na watu wengi, tena wakaao mbalimbali na wasiojuana, aghalabu husifiwa kwa wingi wa wachangiaji wake. Sifa hiyo haitoshi. Linaloamua hatima ya kazi ya namna hiyo ni sura ya mchango unapofika mezani kwa mhariri, na wajibu wa mhariri kwa kila kilichomfikia. Mfano ulio bayana ni ule wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, na historia yake yastahili kutazamwa na kila anayehariri jarida, kamusi au mkusanyo wa fasihi simulizi.

Wazo la kamusi hiyo lilizuka katika Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857. Wasomaji wa kujitolea waliombwa wasome vitabu, na kila walipokuta neno la kufaa wainakili sentensi nzima katika kijikaratasi, pamoja na jina la mtungaji, kitabu, tarehe na ukurasa. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka 1861. Frederick Furnivall aliyemfuata alikuwa hodari wa kuwavuta watu, lakini si wa kuwasimamia. James Murray alipokabidhiwa kazi mwaka 1879, alipokea takriban tani mbili za vijikaratasi. Katika mfuko mmoja mlikuwa na panya mfu. Katika mwingine panya hai na watoto wake. Vijikaratasi vya herufi H vilikuwa Florence, huko Italia. Vile vya maneno yaanziayo na Pa viligunduliwa katika banda la farasi huko Ireland, na vingi vilikwisha tumiwa kuwashia moto. Ni rahisi kuwalaumu waliovitunza hivyo, ilhali kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kuwauliza waliviweka wapi.

Murray alijenga kibanda cha mabati huko Mill Hill, akakitia vishubaka 1,029, kisha akatoa mwito mpya kwa wasomaji. Barua zake zikawa nyingi hata, alipohamia Oxford, sanduku la posta likasimikwa mbele ya nyumba yake. Alipovipanga vijikaratasi aliona dosari ambayo wingi wa wachangiaji haukuweza kuiponya, bali uliizidisha. Neno *abusion*, lililokwisha kufa, lilikuwa na mifano ipatayo 50. Neno *abuse*, litumikalo kila siku, halikufikisha mitano. Msomaji anaposoma kwa hiari huokota kinachomshangaza. Neno la kawaida humpita kama hewa aivutayo, naye hadhani kwamba linahitaji ushahidi.

Mchangiaji mmoja alishika njia tofauti. William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa amezuiliwa katika hospitali ya Broadmoor kwa sababu ya wazimu na mauaji, hakutuma kila alichokipenda. Alivifanyia vitabu vyake faharasa za maneno, kisha akawauliza wahariri wako katika neno gani wakati ule, na dondoo za neno hilo ndizo alizozipeleka. Hapa ndipo penye siri ya ushirikiano: haja ya mhariri ilimfikia mchangiaji kabla mchango haujamfikia mhariri. Kamusi ilikamilika mwaka 1928, Murray akiwa amekwisha fariki mwaka 1915, na dondoo zilizochapwa zilizidi 1,800,000. Kila moja ina tarehe na chimbuko lake, kwa hiyo hukumu ya mhariri yaweza kupimwa hata leo na asiyekubaliana nayo.

Afrika ya Mashariki ilichukua mkondo mwingine. Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, iliundwa tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Haja yake kubwa ilikuwa usanifishaji: tahajia moja, msamiati mmoja, vitabu vya shule vilivyolingana. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyojengwa juu ya ile ya Madan, ilitoka mwaka 1939, baada ya Johnson kufariki. Ni kitabu kilichowafaa wengi. Hata hivyo sentensi zake za mfano hazina tarehe wala jina la aliyezisema. Mtafiti atakaye kujua kama matumizi fulani yalisikika Lamu au Unguja katika miaka ya 1930 hapati pa kushika. Ajabu ni kwamba katika mwaka uo huo wa 1939 ilianza kutoka kamusi ya Charles Sacleux huko Paris, kazi ya mtu mmoja, ambayo hutaja lahaja ya maneno mengi. Kazi ya kamati ilificha ilikotoka. Ya mtu mmoja ikaonyesha.

Kwa Kiswahili, ambacho sehemu kubwa ya ushahidi wake imo vinywani, mahali pa kitabu na ukurasa hapana budi pashikwe na msemaji: jina lake akiridhia, mji wake, umri, shughuli aliyokuwa nayo aliposema, tarehe, na jina la aliyenakili. Na dosari ya *abusion* iko papa hapa. Mwanafunzi aendaye Pate au Vanga kukusanya msamiati huvutwa na majina ya sehemu za jahazi, na ni haki yake kuvutwa. Kitenzi *piga*, ambacho watu hupigia simu, pasi, hodi, picha na mbizi, hukiacha kwa kuwa anadhani anakijua. Mhariri wa mkusanyo wa pamoja atafanya vema akimpa mchangiaji orodha ya vitenzi vya namna hiyo kabla hajaondoka, aulizie kila kimoja kinavyotumika mahali aendapo, na orodha ya jahazi ifuate.