Pembe za Dola Moja

Katika soka tuliyoizoea, jezi hubadilishwa kila msimu na hakuna anayeandamana, mradi Yanga wabaki na kijani na njano yao na Simba na wekundu wao. Katika mpira wa Marekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono na kwa mpira wenye ncha mbili, ugomvi uko kichwani. Mchezaji amevaa helmeti, uso umejificha nyuma ya nondo, na kamera ya televisheni ikimsogelea, kinachojaa kwenye kioo ni ile nembo iliyobandikwa ubavuni mwa helmeti. Ndiyo maana timu ikigusa helmeti yake, hata kwa kukoleza rangi tu, huzuka mabishano ambayo mgeni huyaona ya kitoto. Mashabiki wakongwe wanalalamika kwamba jadi imekanyagwa. Ofisi ya masoko inajibu kwamba dunia haisubiri mtu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, kwa sababu zote zinadhani nembo huzaliwa na maana yake. Nembo huanza ikiwa tupu. Kinachoijaza ni miaka ya kuachwa palepale huku mambo yakitokea: ushindi, aibu, mji kuinuka au kuporomoka. Anayeifuta kila baada ya misimu michache anamwaga kilichokwisha kukusanywa, na anayedai kwamba ya zamani ni takatifu amesahau ilivyopatikana.

Nembo ya kwanza kuwekwa kwenye helmeti katika ligi ya kulipwa ya NFL ilipatikana kienyeji sana. Fred Gehrke, mchezaji wa Los Angeles Rams aliyekuwa amesomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Utah, alipaka pembe za kondoo dume kwenye helmeti ya ngozi ili wakubwa wake waone wazo lake. Mwenye timu, Dan Reeves, alipendezwa, akakubali kumlipa dola moja kwa kila helmeti. Basi kabla ya msimu wa 1948 Gehrke alikaa na helmeti 75 akazipaka kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwanza buluu yote, kisha pembe za njano zikijikunja kuzunguka tundu la sikio. Wachezaji walipogongana vichwa rangi ilibanduka, hivyo mchoraji huyo, ambaye naye alikuwa akigongana na wenzake uwanjani, alibaki na kazi ya kuziba mabaka msimu mzima. Hakuna kampuni ya ushauri iliyoitwa, na hakuna aliyeulizwa pembe hizo zinawakilisha falsafa gani. Timu iliitwa Kondoo Dume, kondoo dume ana pembe, yakaisha.

Leo pembe hizo hutajwa kama kielelezo cha jadi, lakini hata zenyewe hazikutulia. Mwaka 1964 ziligeuzwa kuwa nyeupe, 1973 zikarudi njano, mwaka 2000 zikawa za dhahabu iliyokolea, na 2017 zikawa nyeupe tena. Shabiki asemaye kwamba pembe halisi ni za njano mara nyingi anatuambia tu alikuwa na umri gani alipoanza kuangalia mpira. Kilichodumu ni ule mkunjo mmoja usiokatika. Ndiyo maana mwaka 2020 timu ilipoleta pembe zilizokatwa vipande viwili, malalamiko yalikuwa makali kuliko yale ya rangi. Watu walikuwa wamevumilia rangi kubadilishwa mara nne. Kukatwa kwa pembe hawakukuvumilia. Hapo kuna fundisho kwa wabunifu: kila nembo ina kiungo kimoja kinachobeba mzigo wote, na kazi ya kwanza ni kukijua kabla ya kushika kalamu.

Mfano wa Chuo Kikuu cha Michigan unakwenda njia hiyohiyo. Mabawa ya njano kwenye helmeti za buluu, ambayo leo yanajulikana nchi nzima, yaliletwa mwaka 1938 na kocha Fritz Crisler, aliyekuwa amejaribu mtindo kama huo alipokuwa Princeton. Kwa asili yake lile "bawa" ni kipande cha ngozi kilichoshonwa mbele ya helmeti ili kuiimarisha. Crisler alikipaka rangi tofauti akitarajia kwamba mtupaji wa mpira atawatambua haraka wenzake walio mbali. Ilikuwa hila ya kiufundi. Utukufu ulikuja baadaye.

Lakini anayetaka kuona nembo ikijazwa hatua kwa hatua na aende Pittsburgh. Mwaka 1962 kampuni moja ya chuma ya Cleveland, Republic Steel, iliwapendekezea Pittsburgh Steelers watumie alama ambayo sekta ya chuma ilikuwa ikiitumia kutangaza bidhaa zake: duara lenye neno "Steel" na nyota tatu zenye ncha nne na kingo zilizobonyea, moja ya njano kwa ajili ya makaa ya mawe, moja ya rangi ya chungwa kwa ajili ya mawe ya chuma, moja ya buluu kwa ajili ya vyuma chakavu. Yaani lilikuwa tangazo la biashara. Helmeti za timu wakati huo zilikuwa za dhahabu, na uongozi haukuwa na hakika kama alama hiyo ingependeza juu yake, kwa hiyo mtunza vifaa, Jack Hart, aliagizwa aibandike upande wa kulia peke yake kwa majaribio. Timu ikashinda mechi tisa mwaka huo, idadi ambayo haikuwahi kuifikia kabla ya hapo. Helmeti zikabadilishwa kuwa nyeusi, neno likafanywa "Steelers" kwa ruhusa ya wenye alama, na ule upande mmoja ukabaki. Majaribio hayo yamepita miaka sitini sasa. Ni timu pekee katika ligi yenye nembo upande mmoja tu wa kichwa, na watu wanaendelea kuulizana sababu, jambo ambalo lenyewe ni faida.

Tazama yaliyotokea baadaye. Katika miaka ya 1970 timu hiyo ilitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne. Katika miaka iliyofuata viwanda vya chuma vya bonde la Pittsburgh vilifungwa kimoja baada ya kingine, wafanyakazi kwa maelfu wakahamia majimbo mengine kutafuta riziki, na wakaenda na mapenzi ya timu yao. Ile alama ya kutangazia mabati ikawa kitambulisho cha watu waliotawanyika, wenye chimbuko moja. Mbunifu gani angeweza kuyapanga hayo? Na lau wenye timu wangeibadilisha mwaka 1985 kwa hoja kwamba chuma kimepitwa na wakati, hoja ambayo kwenye karatasi ingekuwa sahihi kabisa, wangekuwa wametupa kitu ambacho hawakukilipia na wasingeweza kukinunua tena.

Kwamba kitu hicho kina thamani ya kweli, wala si hisia za walevi wa mpira, Cleveland ilithibitisha mbele ya wanasheria. Helmeti ya Cleveland Browns haina nembo yoyote. Ni ya rangi ya chungwa na mstari katikati, basi. Mwenye timu, Art Modell, alipotangaza mwishoni mwa 1995 kwamba anahamia Baltimore, mji ulimkabili, na katika makubaliano yaliyofuata alichukua wachezaji na mikataba yao lakini jina, rangi na historia ya Browns vikabaki Cleveland vikisubiri timu mpya, iliyoanza kucheza mwaka 1999. Mji ulipigania haki ya helmeti tupu na ukaipata. Baltimore walikuwa na uchungu wao wa kuelewa jambo hilo: mwaka 1984 timu yao ya Colts ilihamishwa usiku kwa malori kwenda Indianapolis, na kiatu cha farasi kilichokuwa kwenye helmeti kikaondoka nayo.

Pingamizi la kwanza ambalo msomaji makini atalileta ni kwamba nembo nyingine zimejazwa mikosi, na hizo afadhali zitupwe. Tampa Bay Buccaneers ndio shahidi anayeitwa kila mara. Walianza mwaka 1976 na helmeti nyeupe yenye haramia aliyechorwa na mchora katuni wa gazeti la mjini, Lamar Sparkman: kisu mdomoni, unyoya kwenye kofia, jicho moja likikonyeza. Wakafungwa mechi 26 mfululizo. Miaka ishirini baadaye haramia huyo na jezi zake za chungwa alikuwa kichekesho, na mwaka 1997 timu ilihamia kwenye wekundu na rangi ya bati, na bendera ya fuvu la kichwa. Msimu uleule wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1982, na Januari 2003 wakatwaa ubingwa. Je, si ushahidi kwamba mabadiliko yanaponya? Nadhani yanayoponya ni mambo mengine. Kocha Tony Dungy alikuwa amefika mwaka mmoja kabla, na nguzo za ulinzi, Warren Sapp na Derrick Brooks, walisajiliwa mwaka 1995 wakiwa na haramia yule yule kichwani. Walichofanya hao ni kuijaza nembo mpya, na kwa kasi isiyo ya kawaida. Kisha angalia uongozi ulivyosahau somo: mwaka 2014 ukaleta jezi zenye namba zilizofananishwa na za saa ya mezani ya dijitali, zikachekwa kwa misimu sita, na mwaka 2020 timu ikarudi kwenye sura inayokaribia ile ya ubingwa. Na haramia anayekonyeza? Ligi ilikuwa imeweka kanuni mwaka 2013, kwa sababu za usalama, kwamba mchezaji atumie helmeti moja msimu mzima, na kanuni hiyo ilimfungia nje. Ilipoondolewa mwaka 2022 mashabiki walimdai, na Oktoba 2023 akarudi uwanjani kwa mechi moja huku watu wakivaa chungwa kwa furaha. Hata vipigo 26, vikiachwa vikae, hugeuka mali.

Pingamizi la pili ni Chuo Kikuu cha Oregon, ambacho kwa msaada wa Phil Knight, mwanzilishi mwenza wa Nike na mhitimu wake, kimefanya kubadilika kuwe ndiyo desturi: karibu kila mechi mchanganyiko mpya wa helmeti, jezi na suruali. Vijana wanavutiwa, na timu imepanda kutoka kusahauliwa hadi kileleni. Nakubali kwamba jaribio hilo limefaulu, ila lilifaulu kwa sababu Oregon walikuwa na hazina ndogo ya kupoteza, na kwa sababu walikuwa wa kwanza. Waliowaiga wamebaki na makabati yaliyojaa. Jacksonville Jaguars, kwa mfano, walileta mwaka 2013 helmeti iliyokuwa nyeusi mbele na ya dhahabu nyuma, mtu akadhani rangi iliisha kazini. Mwaka 2018 wakaiacha. Kuhusu fedha, mapato ya bidhaa zenye nembo katika NFL kwa sehemu kubwa huwekwa fungu moja na kugawiwa timu, hivyo hata mwenye tamaa ya kuuza jezi mpya hapati peke yake matunda ya kuvuruga sura ya timu yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nalo hulileta mwenye kuuliza: kama kila kilichokaa kinastahili kuachwa, mbona Washington walilazimika kubadilika? Timu hiyo ilibeba tangu 1933 jina la Redskins, ambalo ni tusi kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Helmeti yake ina historia iliyopinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na herufi R, na aliyewashawishi kuweka kichwa cha shujaa mwenyeji mwaka 1972 alikuwa Walter Wetzel, kiongozi wa zamani wa kabila la Blackfeet na rais wa zamani wa baraza la kitaifa la makabila hayo. Yeye aliona heshima, na familia yake ilisikitika picha ilipoondolewa. Baraza hilohilo, kwa upande wake, lilipiga kampeni kwa miongo kadhaa dhidi ya majina na picha za namna hiyo. Mwaka 2020, wafadhili walipotishia kujitoa, wenye timu walisalimu amri.

Mfano huu hauvunji hoja yangu. Kama nembo hujazwa na yanayotokea, basi inaweza pia kujazwa dhuluma, na wanaoibeba dhuluma hiyo hawako jukwaani kupiga makofi. Mashabiki wanajua walichokiweka ndani. Hawana haki ya kuamua peke yao wengine wameonjeshwa nini. Hapo kudumu hakutoshi kuwa utetezi, na kadiri alama ilivyokaa ndivyo madhara yalivyolimbikizwa. Tofauti na Jacksonville au Tampa ya 2014 ni kwamba Washington walikuwa na sababu iliyotoka nje ya ofisi ya masoko. Kinachonisikitisha ni walivyoshughulikia yaliyofuata. Kwa misimu miwili walicheza bila jina la kueleweka, na ubavuni mwa helmeti waliweka namba ya mchezaji tu, kama Chuo Kikuu cha Alabama wanavyofanya na kuheshimiwa kwa unyofu huo. Watu walianza kuizoea. Kisha mwaka 2022 likaja jina la Commanders na W ya dhahabu yenye kingo kali, na siku hiyohiyo ikaanza kukosolewa kwamba haina maana yoyote. Wakosoaji wana haki, lakini nyota tatu za Pittsburgh nazo hazikuwa na maana yoyote kwa mashabiki mwaka 1962. Swali la kumuuliza mwenye timu ya Washington ni kama yuko tayari kuiacha W yake pale ilipo kwa miaka ishirini ya kufungwa na kushinda, bila kumwita mbunifu mwingine.