RNA ndogo zatoa matumaini kwa waliokatika neva

NEVA za mkono zikikatika begani, jambo linaloshuhudiwa sana katika ajali za pikipiki, zinaweza kuota upya, tofauti na zile za uti wa mgongo. Hata hivyo, hukua polepole mno: takriban milimita moja kwa siku.

Kutoka begani hadi vidoleni ni sentimita 60 hivi, yaani siku 600 za kungoja. Misuli iliyokosa neva kwa zaidi ya mwaka mmoja hudhoofika, na hatimaye hushindwa kuipokea neva inapowasili. Ndiyo maana mkono waweza kupooza hata baada ya upasuaji uliofaulu.

Ili kupunguza muda huo, wanasayansi wanachunguza molekuli ziitwazo maikroRNA. Ya kwanza iligunduliwa katika mnyoo mdogo na Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun. Matokeo yao yalichapishwa 1993, nao wakatuzwa Nobel mwaka wa 2024.

Kwa kawaida, RNA hubeba maagizo ya jeni ili seli iunde protini. MaikroRNA, yenye viungo vya kemikali 22 hivi pekee, hujibandika kwenye maagizo hayo na kuyazima.

Neva inapokatika, seli za Schwann zinazoizingira huondoa mabaki na kutoa protini zinazochochea nyuzi mpya kukua. Baadhi ya maikroRNA husaidia kazi hiyo, nyingine huizuia. Katika utafiti uliochapishwa 2012, panya walionyimwa kimeng'enya cha Dicer, ambacho huunda molekuli hizo, walichelewa kupona.

Mfano wa zinazozuia ni let-7, ambayo hupunguza protini ya kukuza neva iitwayo NGF. Watafiti walipoidhibiti let-7 katika panya, neva ziliota vyema zaidi.

Lakini tahadhari inahitajika. MaikroRNA moja hudhibiti jeni nyingi, na let-7 iyo hiyo husaidia kuzuia saratani. Kuizima mwilini kote kwaweza kuleta madhara makubwa kuliko jeraha lenyewe. Kwa sababu hiyo, wataalamu wanatafuta mbinu za kuifikia sehemu iliyojeruhiwa pekee.

Kwa sasa, tiba hii ingali katika maabara. Aliyepoteza hisia au nguvu za mkono baada ya ajali hana budi kumwona daktari mapema, kwani kila mwezi unaopita huidhoofisha misuli.