Mazoezi ya Dansi: Utajuaje Kundi Lililo Zuri?

Labda jirani yako hapa Kapalata amekuita, akisema, "Njoo twende tufanye mazoezi kwa muziki." Wewe unakaa siku nzima mbele ya meza yako ya biashara, magoti yanauma, na hospitalini walikupima wakakuambia una tansio. Unajiuliza, Je, dansi hii itanisaidia au itaniangusha? Nakujibu: ni kazi ya mwalimu. Mmoja atakuponya uvivu wa mwili, mwingine atakuumiza kwa nyimbo zile zile.

Mazoezi haya yalianza katika mji wa Cali, nchi ya Kolombia, katika miaka ya 1990. Mwalimu mmoja, Alberto Pérez, alikuwa akifundisha mazoezi ya mwili, akaanza kuyafundisha kwa salsa na merengue. Mwaka 2001 yeye na wenzake wawili walianzisha kampuni ya Zumba huko Marekani, na jina hilo likaenea duniani.

Lakini usifikiri kwamba muziki huu ni mgeni kwetu. Watu waliochukuliwa utumwani kutoka Kongo walifika Kuba pamoja na ngoma zao. Tangu miaka ya 1930 sahani za muziki wa Kuba zilirudi kwetu, na watu walipozisikia waliona ni kama sauti ya nyumbani. Ndipo ikakua rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu mwaka 2021. Hata uhuru wa 1960 tuliupokea kwa cha-cha ya Grand Kallé. Basi, mama wa Kisangani anazijua hatua hizi katika kiuno chake kabla hajafundishwa. Mwalimu mwenye akili huanza na rumba ya polepole wanayoijua wote, ndipo anapeleka watu kwenye zile za mbio.

Wengine kanisani watauliza kama dansi inamfaa Mkristo. Mimi nami nauliza, anacheza wapi, na kwa sababu gani? Kuchezesha miguu asubuhi ili moyo upate nguvu si kukesha baa.

Sasa fanya hivi. Siku ya kwanza usiingie. Simama kando utazame, wala usiwatazame wale wa mbele. Hao ni vijana, wangecheza vizuri hata pasipo mwalimu. Tazama mstari wa nyuma. Yuko mama mzito aliyepotea hatua? Je, mwalimu amemwona? Akimwona akarudia hatua polepole, kwanza miguu tu, kisha kiuno, mikono mwisho, huyo ni mwalimu. Akiendelea kujionyesha yeye mwenyewe, rudi nyumbani. Tena, akiruka, lazima aonyeshe pia namna ya kufanya hatua ile ile bila kuruka. Merengue ni kama kutembea mahali pamoja. Hata mwenye magoti mabovu anaweza.

Tazama pia mwanzo na mwisho. Dakika tano mpaka kumi za kwanza ziwe za polepole, maana mishipa ya damu hupanuka kidogo kidogo na viungo hulainika. Mwisho ndio unaosahauliwa na wengi. Unapocheza, misuli ya miguu hukamua damu na kuirudisha juu kwenye moyo, kama mkono unavyokamua nguo. Ukisimama ghafula, kazi hiyo inakoma, damu inabaki miguuni, kichwa kinapungukiwa, nawe unaona kizunguzungu au unaanguka. Watu husema amerogwa! Hakurogwa, alisimama ghafula. Basi wimbo wa mwisho uwe wa kutembea tu, mpaka pumzi irudi.

Utajuaje kwamba nguvu yako imetosha? Jaribu kusema na jirani yako. Ukiweza kusema lakini huwezi kuimba, ni vizuri. Usipoweza kusema hata maneno machache, punguza. Na kama huwezi kusikilizana naye kwa sababu ya kelele za spika, masikio yenu yanaharibiwa bure.

Hapa kwetu hewa ina maji mengi. Jasho halikauki upesi, kwa hiyo mwili haupoi. Kundi linalocheza saa saba mchana chini ya mabati halifai, hata mwalimu awe hodari namna gani. Asubuhi mapema au jioni ni bora, na kila mtu awe na maji ya kunywa. Sakafu ya saruji ni ngumu kwa kuruka. Kandambili huteleza na kuvuka, na kiatu chenye mpira unaoshika sana hukaza mguu chini wakati mwili unageuka, ndipo goti linapopindwa. Chagua kiatu kinachofunga vizuri na kugeuka kwa urahisi.

Ukiwa na tansio, ugonjwa wa moyo au mimba, uliza kwanza hospitalini, wala usiache dawa zako kwa sababu umeanza mazoezi. Anayetumia insulini achukue sukari kidogo mfukoni, maana sukari ya damu inaweza kushuka. Ukiwa na homa, kaa nyumbani ukapimwe malaria. Kifua kikiuma au kubana, acha mara moja, utafute msaada.

Shirika la Afya la Dunia linawaambia watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Usianze na hizo zote. Anza na siku mbili, na siku nyingine utembee kwa miguu kwenda sokoni. Kesho yake misuli itauma kidogo, na hilo si neno. Lakini goti likivimba, pumzika, uje utuonyeshe.